Taipureta Niliyoijaribu kwa Vidole Vyangu

Mwanangu, iko Jumapili moja ambayo naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na mama yako asisikie hayo. Ni Jumapili ile kanisa letu la Matinyani liliombea taipureta.

Usicheke. Iliwekwa mbele kwa meza ya kitambaa cheupe, pasta akaiwekea mikono kama mtu anayetumwa misheni. Watu walikuwa wamechanga karibu mwaka mzima, wengine wakileta kuku na mayai ya mnada, ili Mwalimu Syombua apate mashine mpya. Syombua alikuwa mjane, mwalimu aliyestaafu, na ndiye alikuwa akipiga chapa mitihani ya shule zote za msingi pale karibu. Hiyo kazi ndiyo ilikuwa inamlisha. Mashine yake ya zamani ilikuwa imekufa herufi tatu.

Na mimi nilikuwa nimesimama kando ya hiyo meza, suruali pana chini, kifua mbele, kwa sababu mimi ndiye nilitumwa Machakos kuichagua. Kwa nini mimi? Niliacha shule Form Two. Halafu nikasomea taipu wiki sita, nikaacha hiyo pia. Mimi ni mtu wa kuacha. Lakini Matinyani ya miaka ya sabini, wiki sita zilikuwa zinatosha watu wakuite mtaalamu, na mimi sikumkataza mtu.

Pale dukani nilichagua kubwa, nyeusi, chuma tupu. Nilipiga jina langu mara tatu, nikasikia ule mlio, ta-ta-ta, nikaona hii ndiyo inafaa kanisa. Muuzaji akanionyesha nyingine ndogo, akasema hii ni laini kwa vidole. Nikamwambia laini ni ya watoto. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, vidole vya kuvunja kokoto.

Sasa sikiza kosa langu. Mikono ya Syombua nilikuwa naijua. Kila mtu alikuwa anaijua. Alikuwa na baridi yabisi, viungo vya vidole vimevimba kama tangawizi. Sisi wote tulikuwa tunamsalimia kwa kumshika juu ya kifundo cha mkono, tusije tukamuumiza. Hata mimi. Ile asubuhi ya kuondoka kwenda Machakos nilimsalimia hivyo hivyo, halafu nikapanda gari bila kumuuliza neno.

Jumapili ile aliambiwa aseme kitu. Akasema, "Asanteni. Mungu awabariki." Angesema nini kingine? Kitu kimeshaombewa mbele ya watu. Ukisema kinakuumiza, ni kama unarudishia watu maombi yao.

Mitihani wakati huo ilikuwa inapigwa kwa stenseli, ile karatasi ya nta. Unaondoa utepe, herufi yenyewe inakata nta. Usipogonga kwa nguvu, mtoto anapata swali lenye nusu ya maneno. Basi muhula wa kwanza mitihani ilichelewa. Muhula wa pili ikafika, lakini maandishi yamefifia, walimu wakabaki kusoma maswali kwa sauti huku wakibahatisha.

Kamati ya kanisa ikakutana. Mimi nilikuwa ndani kama karani wa vijana. Mwenyekiti akasema, "Mashine mpya, kazi mbovu kuliko ya mashine mbovu. Basi shida ni mtu." Wakataja msichana fulani aliyetoka kusomea taipu Nairobi. Halafu akanigeukia. "Kyalo, wewe ndiye unajua hizi vitu. Hiyo mashine iko na makosa?"

Nikasema, "Mashine ni nzuri kabisa."

Hilo lilikuwa neno la kweli, mwanangu, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo. Wakaamua mtihani unaofuata ukitoka vibaya, kazi apewe yule msichana. Nikatumwa nimpelekee habari.

Nilimkuta kwake nyumbani mchana, meza iko kwa dirisha. Mlio haukuwa ta-ta-ta. Ulikuwa ta, kimya, ta. Alikuwa ameshika penseli mbili kwa ngumi, upande wa raba umeangalia chini, anachoma herufi moja moja. Na mimi, kwa akili ile niliyokuwa nayo, nikacheka.

"Mwaitu, unapanda mbaazi?" Mwaitu ndivyo tunaita mama kwetu.

Alimaliza mstari, akaurudisha kwa kiwiko. Halafu akasema, "Kaa. Huko Machakos, uliijaribu?"

"Niliijaribu, Mwaitu."

"Kwa vidole vya nani?"

Nikaangalia sakafu. Akaweka penseli chini, akapeleka kidole kidogo cha kushoto kwa herufi A, akasukuma. Nilikiona kile kidole kikipinda upande kabla herufi haijashuka. Uso wake haukubadilika. Mimi ndiye nilivuta pumzi.

"Hiyo ni A moja," akasema. "Mtihani mmoja uko na A ngapi, mtaalamu?"

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Mama Mutua alileta kuku wake wa pekee. Nisimame kanisani niseme kuku wake ananiumiza?" Akachukua penseli zake tena. "Wewe walipokuuliza habari za mashine, ulisema nini?"

Sikujua nani alimwambia nimeulizwa. Nikamjibu, nikamwambia na uamuzi wa kamati.

"Ni nzuri kweli," akasema. "Kwako. Sasa mimi neno hili siwezi kulisema. Wewe unaweza. Enda nyumbani."

Unafikiri nilikimbia kanisani? Jumapili mbili zilipita nikiimba kwaya, sauti ya besi. Niliogopa kuitwa mjinga na watu ambao, nakwambia ukweli, walikuwa wameshaanza kushuku. Ya tatu nikasimama wakati wa matangazo. Nikasema mashine haina makosa na Mwalimu hana makosa. Nilichagua kwa vidole vyangu, mikono yake nikaisahau, na kamati iliponiuliza nikajificha.

Mwenyekiti akasema, "Kaa chini, Kyalo." Hapo ndipo Mama Mutua aliinuka kule nyuma. "Kuku wangu nilimpa Mwalimu," akasema. "Sikuipatia hiyo chuma. Badilisheni."

Siku hiyo niliona watu wakicheka na kulia pamoja.

Kwa fundi wa taipureta Kitui mjini, Syombua alienda mwenyewe. Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba ile kubwa, na ilinifundisha uzito wake vizuri. Fundi akakubali tubadilishane. Syombua akaketi kwa kila mashine iliyokuwa pale, muda mrefu, mpaka fundi akaleta chai. "Dakika tano za kwanza zote ni tamu," alisema. Alikuwa anaanza na kidole kidogo, kile dhaifu. Aliangalia herufi inashuka mbali gani kabla haijagonga. Alijaribu kurudisha mstari kwa kiganja bila kufinya. Akaomba meza ya chini, mikono isining'inie, na fundi akamlegezea springi. Mwisho akachagua ndogo ya kijivu, imekwaruzwa, kifuniko kimefungwa kwa kamba ya katani.

Nikamnong'oneza, "Mwaitu, hiyo ni mbaya kuangalia."

"Sipigi kwa macho."

Mtihani uliofuata ulitoka safi, na hiyo kazi alibaki nayo miaka mingi. Lakini kile kidole kidogo hakikunyooka tena. Miezi minane ya chuma yangu ilikimaliza. Hakuwahi kunikumbusha hata siku moja. Tukisalimiana nilikuwa nakiona, na yeye alikuwa ananiuliza habari za ng'ombe.

Sasa mimi pia asubuhi nafunga vifungo vya shati kama mtu aliyevaa glavu, na nyinyi mnaleta kompyuta maofisini. Kwa hivyo nakwambia waziwazi. Ukimchagulia mtu kitu atakachotumia kwa mwili wake, mpeleke yeye mwenyewe, aketi, ajaribu mpaka achoke, na usiangalie saa. Ukiumwa wewe, sema mapema, hata kama kitu kimeletwa kwa upendo, kwa sababu upendo haujui kidole gani kinauma mpaka uambiwe. Na ukikosea, usingoje Jumapili ya tatu. Kidole cha mtu kilikuwa kinangoja na mimi.

Mungu akuhifadhie mikono yako, mwanangu, ikufanyie kazi mpaka uzeeni. Na siku itakapokukataa, akupe mtu wa kukuuliza inauma wapi, na akupe wewe ulimi wa kumjibu.