Kijiti cha Ndani ya Vyolo

Iko siku moja haitoke mu kichwa yangu, mwanangu. Nimesimama mu nyumba ya Muzee Aleki, kule Kamalondo, meta mukononi, ninapima vyolo yake, fidla ya kupiga na upinde, urefu na upana namna banapimaka maiti kwa kutafuta sanduku. Mwenye kuua ile vyolo ni mimi, na hakuna anayejua. Ngoja kwanza nikuambie Aleki alikuwa nani, juu bila kumujua yeye hautasikia uzito.

Alikuwa muntu wa Ekosi, inchi ya baridi na mvua, kule kaskazini ya Uingereza. Alikuja huku kijana, fundi wa mashini mu mugodi. Bazungu benzake bakarudia kwabo, yeye akabakia, juu ya Mama Feliya, binti ya balimaji ba Lukafu. Vyolo alifundishwa na mujomba yake, bila karatasi, kwa sikio tu: mujomba anapiga, mutoto anarudilia, akikosea anarudilia tena. Kwabo alipigia harusi na siku za mavuno. Huku alipigia harusi, ubatizo na kumaliza matanga, na alipoacha mugodi kwa uzee, njo kazi iliyobakia, na ilimutosha. Miziki ilikuwa ya kule, ya kurukaruka, lakini bamama ba Kamalondo baliikamata kwa kiuno, ikakuwa ya kwetu. Bantu bakamuita Nyenze, juu ya ile sauti nyembamba. Wakati wa chama kimoja, tulipoambiwa kuitana sitwayen, ni kusema mwananchi, na kuacha tai, naye akavua tai yake, akaifunga ku shingo ya mbuzi ya Mama Feliya. Ile mbuzi ilikuwa inatembea kama direkta. Lakini nisiende mbali.

Mimi nilikuwa fundi mbao mu atelye, karakana ya kampuni ya shaba. Tulichonga mifano ya mbao; bale ba kuyeyusha chuma banaikandamiza mu muchanga, banaitoa, banamwaga chuma mu shimo inayobakia. Mu kazi ile kipande chenye kulegea kinaharibu kila kitu. Shefu wetu alisemaka: "Kisichoshikwa na gundi ni takataka. Tupa." Nilimeza yale maneno kama komunyo.

Basi vyolo ya Muzee ikaachana ku ubavu, urefu wa vidole vitatu. Akaniletea. "Fundi, funga ule mudomo tu. Ndani usiguse."

Nikalegeza nyuzi ili nifanye kazi. Mara ndani: ko. Nikatikisa: ko-ko. Nikachungulia mu tundu, nikaona kijiti, urefu wa kidole, hakina gundi, hakina musumari. Nikacheka peke yangu. Nikasema, fundi wa Ulaya naye anasahauka takataka yake ndani. Nikakivuta na waya, nikakitumia kukorogea gundi, nikafunga ule mudomo vizuri kabisa. Vizuri kabisa, mwanangu. Ile sehemu hata leo sina haya nayo.

Siku ya posho, njo Jumamosi, kulikuwa harusi. Toka asubui nilijisifu kwa kila muntu kwamba vyolo ya Nyenze imepita mukononi mwangu. Muzee akaweka upinde. Sauti ikatoka kama muntu anayesema chini ya blanketi. Bamama bakasimama, banaangaliana.

"Nyenze amemeza maji," mumoja akasema, bakacheka.

Akakaza nyuzi, akapiga tena, ni vilevile. Akaniita pembeni. "Fundi, uligusa ndani?"

Bantu banatuangalia. Nikajibu: "Hapana, Muzee. Ndani sikugusa."

Macho yake yalikuwa na utando, hakuweza kuchungulia mwenyewe. Akaniamini. Kisha akageuza mikono yake, akaiangalia mbele na nyuma. "Basi ni hii," akasema. Akarudia nyumbani hata chakula hakijatoka.

Wazee banasema mwenye kuficha ugonjwa, kilio kitamufichua. Mimi nilificha wiki tatu. Kijiti nilikibeba mu mufuko kila siku, kukitupa siwezi, kukirudisha naogopa. Kwenda kazini nilizunguka njia ya mbali ili nisipite mbele ya mulango wake. Bantu bakienda kumuita ku harusi, anabajibu mikono imekwisha, batafute gitari. Halafu Mama Feliya akafika kwangu, hata hakukaa.

"Muzee anataka sanduku ya mbao, ya kufunga na misumari. Vyolo ilale, sisi tuende Lukafu tulime."

"Yeye, kulima?"

"Hajue hata jembe linashikwa wapi. Lakini siku zote hizi anakaa tu, anafungua vidole, anafunga vidole. Kuja upime."

Nikaenda. Nikapima urefu, nikapima upana. Nilipofika ku kimo, nikaweka meta chini.

"Muzee," nikasema, "niligusa ndani." Nikaweka kijiti ku meza.

Akakitafuta kwa vidole, akakinusa. "Hii gundi ni ya nini?"

"Nilikorogea."

Nikangoja kofi.

"Ulikitoa mbele ya ile harusi, ao nyuma?"

"Mbele."

"Kwa hiyo si mikono."

"Si mikono, Muzee."

"Feliya! Si mikono!"

"Nimesikia," akajibu kule inje. "Nilikuambiaka."

"Haukuniambia kitu."

"Nilikuambia ku moyo."

Muzee akacheka mupaka akakohoa, machozi yanashuka ku ndevu. Na mimi nikakaa chini pale pale, kama muntu aliyetua muzigo wa makala.

Kumbe kile kijiti njo kinabeba kifua ya vyolo na kupeleka sauti mugongoni. Gundi hakina kwa makusudi: nyuzi zikikazwa, zinakifinya, kinasimama chenyewe. "Umekitoa wewe, utakirudisha wewe," akasema. Nikakikwangua, nikapinda waya ya kinga, ni kusema baiskeli, nikaanza. Kila nikikisimamisha, kinaanguka. Mbuzi imesimama ku mulango inaangalia. "Hata mbuzi angekuwa alishamaliza," Muzee anasema. Mama Feliya alikuwa ameshawasha mbabula ya makala kwa bukari, ugali ya mangaribi, wakati kilikubali kusimama.

Akakaza nyuzi, akapiga. Fundi nguo wa jirani akasimamisha mashini yake. Mama Feliya akaacha mwiko, akakaza kitenge, akacheza peke yake mu kiwanja. Sanduku hakuna aliyeiulizia tena.

Kisha Muzee akanikamata sikio, mimi mwanaume mwenye bibi. "Kuharibu vyolo, nimekusamehe. Lakini uliniacha nishitaki mikono yangu mwenyewe. Hiyo nitakukumbusha." Na alinikumbusha. Ku kila harusi, mupaka kufa kwake, mbele ya kuanza alininyooshea upinde: "Fundi, uligusa ndani?" Bantu banacheka bila kujua, na mimi ninajibu kwa sauti kubwa: "Niligusa, Muzee!"

Njo shauri langu, mwanangu. Ukikuta mu kazi ya mwenzako kintu haujue maana yake, uliza mbele ya kukitoa. Na ukiharibu, sema ile siku ile, hata bantu bakicheka. Kosa ukilinyamazia halikose mwenyewe: litaenda kukaa ku mikono ya muntu asiye na hatia, na yeye ataamini ni yake.

Mungu akupe wazee ba kukuuliza mara mbili, na akupe mudomo wa kujibu kweli ku mara ya kwanza. Mikono yako ibaki mizima mupaka uzee. Na siku ya harusi yako, kama ningali hapa, nitachungulia mwenyewe ndani ya vyolo mbele bapige.