Mgao Uliokataliwa na Kompaila

Dada yangu ni katibu wa kikundi cha wachimbaji karibu na Masumbwe. Mawe ya dhahabu yakitoka duarani, yaani kwenye shimo la mgodi, hutiwa kwenye mifuko, kisha mifuko inagawanywa kwa pande tatu: mwenye shamba, wenye duara na waliochimba. Mgao uliopita ulizua ugomvi, na yeye akashukiwa kupendelea. Akaniomba niandike programu ya kugawa ambayo kila mtu ataiona. Asubuhi ya mgao nilikuwa barazani kwake, kompyuta mapajani, programu imegoma.

Programu katika lugha ninayoitumia hujengwa kwa fanksheni, vipande vidogo ambavyo kila kimoja kina kazi yake. Juu ya kila fanksheni unatamka inapokea kitu cha aina gani na inarudisha cha aina gani. Yangu niliitamka kuwa inapokea mifuko na kurudisha mifuko, namba nzima. Kompaila, inayokagua kila kitu kabla programu haijaanza kazi, ikaandika kwa rangi nyekundu kwamba ndani kuna desimali. Nikabadilisha tamko, kosa likahamia kwenye fanksheni nyingine. Nikalifuta tamko kabisa, maelezo ya kosa yakazidi kurefuka.

“Umeikosea nini hiyo mashine?” dada aliuliza, akipepeta mchele.

“Inasema nimeahidi mifuko mizima, halafu nagawa kwa tatu.”

“Na ule unaobaki? Utaukata kwa panga?”

Tulicheka. Lakini mgao nimeushuhudia mara nyingi: mfuko unaobaki humwagwa kwenye turubai, ukapimwa kwa karai. Nililirudisha tamko langu na kulisoma kosa neno kwa neno, bila kubishana nalo. Tamko lilikuwa sawa. Kugawa kwangu ndiko kulikozaa desimali. Nikaweka kugawa kwa namba nzima, na fanksheni ikarudisha vitu viwili: mifuko ya kila upande, na ya kumwaga. Wekundu ukaisha.

Bado naishukuru ile kompaila. Ingeniachia, dada angesimama mbele ya watu akiwasomea theluthi ya mfuko.

Mchana mzee mwenye shamba aliinama kwenye skrini, akauliza mfuko uliobaki uko wapi. Dada akamwonyesha pale, kisha akamwonyesha turubai. Karai lilipomaliza kazi, hakuna aliyebaki akinung’unika.

“Wabeja,” mzee alimshukuru dada kwa Kisukuma, akamwita kwa heshima mama wa mtoto wake wa kwanza. Tangu ule ugomvi alikuwa akimwita katibu tu.