Mizani Hainunuliwi kwa Chenji Iliyobaki

Ting'. Ililia mara moja tu, kama kijiko kilichogusa ukingo wa glasi. Nikitulia bado nausikia mlio ule, naiona na baraza ya Babu kule Kasekese, asubuhi, jua halijawa kali, na kipande cha shaba kikishuka kutoka vidole vya mzee kikatua juu ya sahani ya mizani. Mwanangu Zawadi, kaa vizuri nikusimulie siku hiyo, maana ujumbe wako wa jana umenikosesha raha.

Najua unacheka. Tumepishana miaka saba, tumewahi hata kugombania nguo moja ya sikukuu, halafu leo nakuita mwanangu. Cheka tu. Mama yako ni dada yangu wa tumbo moja, kwa hiyo wewe ni mtoto wangu utake usitake, na leo nakusema kama mtoto wangu.

Umeniambia umepata leseni, umejiunga na wenzako wanaolenga shabaha huko uliko, na sasa unataka ujaze risasi zako mwenyewe nyumbani kama alivyokuwa anafanya Babu. Nilifurahi mpaka nikaruka jikoni, ugali ukanusurika kuungua. Nikafungua orodha yako ya vifaa. Mtambo wa kubania, umeweka na picha, umechagua na rangi. Meza. Taa. Kabati la kufungwa kwa ufunguo, hapo umefanya vizuri. Halafu chini kabisa, kitu cha mwisho: "mizani yoyote ya bei rahisi."

Yoyote! Nimelisoma neno hilo mara nne, na kila mara masikio yanapata moto. Wala sikukasirikii wewe peke yako. Namkasirikia msichana mmoja wa Mpanda aliyewaza hivyo hivyo, na msichana huyo ni mimi.

Wewe Babu ulimkuta amechoka, anakaa tu. Mimi nilimjua bado ana nguvu zake. Miaka mingi alifanya kazi kwenye kambi za wawindaji, akisafisha bunduki za wageni, na alipostaafu alirudi na shotgun yake moja, leseni yake, vibali vyake vyote ndani ya mfuko wa plastiki, na mapenzi ya ajabu na kazi hiyo. Wazee wenzake walicheza drafti kwa vizibo vya soda. Yeye alijaza risasi. Aliyachukua maganda yaliyokwisha kupigwa, akayasafisha moja moja, akaweka fataki mpya ya kuwashia, akapima baruti, akatia goroli za risasi, kisha akaubana mdomo wa ganda kwa mtambo. Alifanya kwa utulivu kama mtu anayeshona kitambaa cha harusi. Jumapili baada ya misa alilenga makopo mbele ya kichuguu, akirudi anakunywa chai na furaha yake.

Sasa, alipohamia nyumba mpya, bodaboda iliyobeba vifaa vyake ilianguka. Mtambo ukapinda, na mizani yake ya zamani, ile ya mkono wa chuma na vijiwe vya shaba, ikavunjika mkono. Mzee akauza asali yake yote ya msimu ule, akanitumia hela. Mimi nilikuwa nauza machaja na kava za simu pale Mpanda, karibu na soko, na kuagiza vitu kwa simu nilikuwa najua.

"Mchumba," akaniambia, maana mpaka hapo Babu hakuwahi kuniita kwa jina langu, "wewe ndiye macho yangu sasa. Nichagulie vitu vizuri, usinichagulie vya kupendeza."

Nikachagua vya kupendeza. Nikaona mtambo mwekundu, Zawadi, mwekundu unang'aa kama pikipiki inayotoka dukani! Kulikuwa na mwingine wa kijivu, mzito, wa bei ya kawaida. Sikuutazama mara mbili. Nilishaona kichwani nitakavyompiga video Babu na mtambo ule, nitakavyoweka mtandaoni, nchi nzima iseme mtoto wa Katavi huyo. Nikaagiza Dar, ukaja kwa basi. Nikabaki na chenji. Mizani nikasema ni mizani tu, yoyote itafaa.

Palikuwa na mnunuzi mmoja wa dhahabu ambaye jina lake silitaji, kibanda chake hakikuwa mbali na changu cha machaja. Alikuwa amenunua mashine mpya ya kupimia, hiyo ya zamani anaiuza.

"Dada, chukua hii," akasema. "Imepima dhahabu miaka mitatu. Kitu kinachopima dhahabu kitashindwa kupima nini?"

Maneno hayo yaliniingia kama sukari. Sisi huku tumekua tukiona dhahabu ikipimwa, tunajua pointi, ile sehemu ya kumi ya gramu, kabla hatujajua kusoma saa, kwa hiyo nani angebisha? Nikalipa, nikaifuta vizuri kwa spiriti, ikaonekana kama mpya.

Kule Kasekese, Babu aliupokea ule mtambo mwekundu kwa kuuzunguka mara mbili kama anayenunua ng'ombe. Kisha akauliza, "Na mizani ni mpya?"

"Nzuri sana, Babu."

Unaona nilivyofanya? Aliniuliza kitu kimoja, nikajibu kingine. Naye aliniamini, akakaa.

Namba ndogo zile za kwenye kioo Babu hakuweza kuziona, hivyo nikawa nasoma mimi. Yeye anamimina, mimi nasema bado, bado, basi. Tukajaza kumi huku tunataniana. Ganda la kumi na moja akalisimamisha kabla hajatia goroli. Alikuwa na kijiti chake alichokichonga alama tangu zamani, cha kupima kina cha baruti ndani ya ganda. Akakitumbukiza, akakitoa, akakitazama kwa kukisogeza mbali na uso. Akarudia.

"Oliva," akasema.

Mwanangu, kwa jina langu! Utani ulikuwa umekwisha.

"Leta lile kopo la tumbaku."

Ndani ya kopo, kwenye kitambaa, alikuwa amehifadhi kijiwe kimoja cha shaba cha ile mizani iliyovunjika, cha gramu tano. Akakishusha juu ya sahani. Ting'.

"Soma."

"Nne, pointi saba."

"Soma tena."

"Nne pointi saba, Babu."

"Hiki kijiwe ni gramu tano tangu mama yako hajazaliwa. Hakijawahi kuumwa wala kukonda."

Nikacheka, kwa aibu. Yeye hakucheka. Na mimi, kwa upumbavu ambao hadi leo unaniudhi, nikasema, "Lakini ni pointi tatu tu, Babu."

Mzee akanyanyuka. Akaleta shotgun yake, akaifungua mbele yangu, akanionyesha haina kitu, akanilazimisha niingize kidole changu mwenyewe nihakikishe. Kisha akaifunga, akanielekeza kwenye kile kichuguu, akaniwekea begani.

"Laza shavu. Zaidi. Hapo. Umeona jicho lako lilipo? Umeona chuma kinachoshika risasi kilipo? Kinapasukia hapo. Haya, nisomee wewe mwenye macho. Kati ya jicho na hicho chuma kuna pointi ngapi?"

Chuma kilikuwa baridi na kilikuwa karibu sana. Hapo ndipo lilipokuwa linalala shavu lake kila Jumapili.

"Mizani ikisoma pungufu, mkono unaongeza," akasema, sasa sauti imeshuka. "Kila ganda ulikuwa unaniongezea baruti huku unaniambia bado, bado. Umetoa wapi kitu hiki?"

Nikamwambia.

Akaguna. "Kwa mnunuzi. Basi rudi Mpanda, kamuulize mama yako pointi tatu ni nini."

Sikuhitaji kwenda kuuliza. Bibi yako, Zawadi, aliosha mchanga wa wachimbaji miaka yote niliyokuwa shule ya msingi. Ameinama kutwa, mikono imepauka kwa maji, na wiki nzima ya kazi hiyo ilimpa pointi mbili, tatu, amezifunga kwenye karatasi ya nailoni. Akina mama wenzake bado walikuwa wanaosha, na walikuwa wanauza kwa mtu yule yule. Na mizani ile haikuwa mbovu. Mizani ya betri inaamini inachofundishwa: mwenye nayo akiweka kijiwe kilichozidi akaiambia ni sawa, kuanzia hapo kila kitu itakisoma pungufu. Mtu alikaa, akaifundisha kudanganya, akaitumia miaka mitatu juu ya migongo ya mama zetu, halafu akaniuzia mimi nikampimie babu yangu baruti.

Zile risasi kumi Babu alizitenga kwenye kopo la peke yake, akaliandika kwa mkaa, akasema hakuna hata moja itakayoingia kwenye bunduki yake.

Kesho yake nikaenda kibandani kwa yule mnunuzi na ile mizani, na kijiwe cha Babu mfukoni. Kwenye benchi walikuwa wamekaa akina mama watatu na vinailoni vyao.

"Hii inapunguza," nikasema, sikushusha sauti.

"Dada, karibu ndani, mbona unapiga kelele?" Akatoa hela haraka, kama alikuwa amezishika tayari. "Chukua zako, niachie kitu changu. Kuna jamaa wa Kibaoni anafungua ofisi ya kununua dhahabu, anaitaka."

"Na unayowapimia hawa leo ikoje? Niweke kijiwe hiki tuone."

"Hicho hakigusi mashine yangu!"

"Kwa nini kisiguse? Ni shaba tu, hakina ugonjwa."

"Wewe muuza machaja unajua nini kuhusu dhahabu? Kauze machaja!"

Mama mmoja kwenye benchi, mnene, wa makamo, akakunja kinailoni chake, akakirudisha kwenye pindo la khanga, akaondoka. Wa pili akamfuata. Yule mnunuzi akaniangalia kama nimemwagia maji moto. Nikazitazama zile hela mkononi mwake, hela za asali ya Babu, na nilizihitaji, usidanganyike. Nikawaza jamaa wa Kibaoni, nikawaza akina mama wa Kibaoni. Nikaondoka na mizani, hela nikamwachia. Mizani mpya ya Babu niliilipia mwenyewe, polepole, na kwa miezi kadhaa chakula changu cha mchana kilikuwa muhogo. Alipoipokea aliijaribu kwa kijiwe mara tatu kabla hajaniita mchumba tena.

Haya, sasa nisikilize, mwanangu. Ifute hiyo orodha uanze upya, na mizani iwe juu kabisa. Inunue mpya, uinunue pamoja na kijiwe chake cha kuihakiki, na kila asubuhi kabla hujafungua baruti weka kijiwe kwanza. Isipokisoma sawa, funga kila kitu ukafue nguo. Halafu nenda kituo cha polisi ukaulize kama kibali chako kinakuruhusu kujaza. Kuwa na bunduki ni kitu kimoja na kujaza ni kingine, na wakikukatalia, ukubali, nunua za dukani, hujapungukiwa kitu. Kuhusu mtambo, chukua ule wa kijivu. Ukinunua wa rangi nitajua tu. Mezani pasikae aina mbili za baruti, wala simu, najua wewe na simu. Kipimo fuata cha kitabu cha waliotengeneza baruti hiyo, usifuate cha mtu wa kwenye video. Na mtu akikuuliza swali kuhusu kifaa, jibu alichouliza. Mimi nilijibu "nzuri sana," na uso wa babu yangu ukabaki salama kwa sababu ya kijiti tu.

Usije ukaniambia pointi tatu ni kidogo. Kidogo kwa nani? Anayesema kidogo mara nyingi ni yule asiyelaza shavu hapo, na asiyeosha mchanga.

Mungu akutunzie macho yako yote mawili, akupe mkono usiotetemeka na watu wa kukuuliza maswali magumu. Shabaha zako zikawe nyingi, na kila Jumapili urudi nyumbani unywe chai yako ukiwa mzima.

Hili la mwisho sijawahi kumwambia mtu. Jioni ile niliporudi kutoka kibandani nilizunguka nyuma ya nyumba peke yangu. Nikatoa betri, maana zilikuwa bado nzima, nikazitia mfukoni. Kisha nikafunua kifuniko cha choo cha shimo, nikaitumbukiza ile mizani humo ndani, nikanawa mikono kwa sabuni.