Mimi na Mama Mkwe Katika Chumba cha Picha

Binti yetu kila aliponyonya, midomo yake iligeuka rangi ya zambarau. Alimeza mafunda mawili, akakohoa, akakosa pumzi. Pumzi iliporudi alitutazama kwa hasira, kana kwamba sisi ndio tuliomsonga. Tumbo lake lilijaa hewa. Alicheua kwa sauti ambayo majirani zetu wa mtaa wa Ngezi walidhani ni yangu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Munganga, daktari wa hospitali, alitueleza kwamba watoto wachache sana huzaliwa na tundu dogo kati ya njia ya chakula na njia ya hewa, na maziwa hupenya humo hadi mapafuni. Likionekana, hushonwa. Lisipoonekana, hakuna atakayempasua mtoto kwa kubahatisha.

Ili lionekane, mtoto alipaswa kunywa dawa nyeupe mbele ya mashine ya picha za eksirei, ameshikwa na watu wawili. Mke wangu alikuwa na mimba nyingine, hakuruhusiwa kuingia. Nikabaki mimi na mama yake, aliyekuja kutoka Mahagi kusaidia kulea. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Alikuwa amekaa kwangu miezi kadhaa, na nilichokijua vizuri kwake ni visigino.

Tukasimama, mtoto katikati, kila mmoja akiangalia ukuta wake.

"Mujukuu," mama mkwe akasema, "ambia baba yako ashike kichwa muzuri. Anatetemeka sawa mbuzi iko na mvua."

"Mwanangu," nikajibu, "ambia koko wako, mikono yenye kutetemeka ni yake."

"Huyu mutoto haiko telefone," munganga akasema.

Mama mkwe akacheka, nami nikainua macho bila kufikiri. Ulikuwa uso wa mke wangu, umezeeka kidogo.

"Basi, umeniona. Sasa shika kichwa."

Mtoto akanywa. Dawa ilikuwa nzito kama uji, ikashuka bila kikohozi hata kimoja. Tulifurahi mpaka munganga alipoinua picha kwenye mwanga: njia ya chakula imenyooka, safi, na vidole vyetu pembeni.

"Tundu iko wapi?" mama mkwe akauliza.

"Pengine iko ndogo sana, dawa imepita juu yake. Ao haiko."

Tulishauriwa kumlisha ameketi, na vyakula vizito. Mapafu yalimsumbua kila msimu wa mvua, akakua hivyo hivyo. Alipoanza shule alipigwa picha nyingine, nayo haikuonyesha kitu. Leo ana watoto wake, na maji bado humkohoza. Tundu hilo hakuna aliyeliona.