Mzee Nipishe na Vitasa vya Duara

Mtaa mzima ulimwita Mzee Nipishe, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Bomba likivuja kwa jirani, huyo keshafika: "Nipishe." Redio ikikwaruza: "Nipishe." Kiti kikilegea mguu mmoja, yeye akishakipitia kinalegea miguu mitatu, naye anaondoka akijipangusa mikono, roho kwatu. Hakuwa mtu mbaya. Ila mikono yake ilizaliwa kwa kazi moja tu, nayo ni kunyoosha nguo. Alikuwa dobi, tena dobi hasa. Mpe shati lililokunjamana, atakurudishia shati unaloona haya kulivaa. Mpe bisibisi, yatakayokukuta usimlaumu mtu.

Nyumba yake ilikuwa na milango mitatu ya ndani, na hata mmoja haukuwa na kitasa. Vilikufa kimoja kimoja, viwili kwa uzee na kimoja kwa sababu Mzee Nipishe alikwenda kukitia mafuta. Mlango wa chumba chake na mkewe ulibanwa kwa kipande cha boksi kilichokunjwa. Wa binti yao ulifungwa kwa utepe wa kitambaa na msumari. Wa choo, ambacho ndicho kilikuwa na bafu pia, haukuwa na chochote. Unaurudishia tu, unamwachia Mungu.

Ndipo pale nyumbani ukazaliwa utaratibu wa kuimba. Aliyemo anaimba, anayekuja anasikia, anageuza. Choo kikiwa kimya, hakina mtu. Mke aliimba wimbo wa kubembeleza watoto, ule ule aliombembelezea binti yake alipokuwa mchanga. Binti aliimba za redioni. Mzee Nipishe mwenyewe hakujua wimbo hata mmoja mpaka mwisho, kwa hiyo aliimba kazi yake: shati, suruali, koti la mikono mirefu, shuka la watu wawili, foronya. Akikawia sana, alifika mpaka kwenye soksi. Walishazoea hivyo miaka nenda rudi, na hakuna aliyeona kuwa ni jambo la kuchekesha, mpaka binti alipopata mchumba.

Binti alikuwa muuzaji kwenye duka la dawa, msichana nadhifu, hasemi ovyo. Mchumba alikuwa dereva wa lori la maziwa. Kijana mpole, anampenda, hilo halikuwa na shaka. Lakini kulikuwa na kitu kinamkereketa binti. Kila akimwambia, "Nipeleke basi kwenu nikamsalimie mama," kijana ana sababu. Mara wanapaka rangi. Mara kuna wageni. Mara mvua. Binti akajumlisha mwenyewe, akaona jibu ni moja: kwao ni watu wakubwa, na yeye anafichwa. Sasa mama huyo ametuma neno kwamba Jumapili anakuja yeye mwenyewe, na kaka yake, kuiona nyumba anakotoka huyo msichana.

"Wakaribie tu," alisema Mzee Nipishe.

"Baba," binti alisema, macho yako chini, "siwezi kumwambia mama mkwe aimbe."

Mzee Nipishe akataka kucheka, akamwangalia vizuri, akaacha. Mtoto alikuwa amekaza midomo ili isitetemeke. Moyo ukamuuma mzee wa watu. Miaka yote hiyo amewanyooshea wenzake suti za harusi, na binti yake mwenyewe anaona haya kwa sababu ya mlango wa choo.

"Jumapili watakuta vitasa," alisema. "Nipishe."

Mkewe, aliyekuwa anachambua mchele, alikiinamia chombo chake zaidi. "Baba watoto, tumwite seremala."

"Seremala wa nini? Kitasa ni tundu na skrubu."

Alikwenda duka la vifaa vya ujenzi, akasimama mbele ya ubao uliotundikwa vitasa vya kila namna. Vya mkono mrefu, vya funguo, vya duara. Muuzaji akaanza kueleza hiki ni cha chuma kigumu, hiki kina dhamana, na mzee wala hamsikii, kwa sababu kwenye kitasa cha duara cha rangi ya dhahabu ameuona uso wake mwenyewe, mnene, unang'aa, umependeza. Akabandua macho kwa shida. "Nipe hivi. Viwili vya vyumbani, kimoja cha choo."

"Vya vyumbani havina kitufe, cha choo kina kitufe cha kujifungia," alisema muuzaji. "Na kuna fundi hapa nyuma, anaweza kukufungia."

"Ninaye fundi nyumbani," alisema Mzee Nipishe, akimaanisha yeye.

Vya vyumbani vilikubali. Vilikaa upande kidogo, lakini vilikaa. Cha choo ndicho kilikuwa kazi. Kwanza tundu: alilipanua kwa patasi ya kuazima, akapitiliza, likawa pana kama kisahani cha chai. Pili, karatasi ya maelekezo. Ilikuwa michoro mitupu, tena imekunjwakunjwa ndani ya boksi. Mtu mwingine angeinyoosha kwa kiganja, yakaisha. Yeye aliwasha pasi. Aliipiga pasi karatasi ile kwa makini, akanyunyiza na maji kidogo, na alipoinua akakuta karatasi nyeupe pee. Wino wote umehamia kwenye kitambaa cha kupigia pasi.

Wala hakubabaika. Alikitundika kitambaa ukutani na kukifuata mstari kwa mstari. Michoro ilionekana vizuri sana, ila tu ilikuwa imegeuka, cha ndani kiko nje na cha nje kiko ndani. Hilo halikumjia akilini, na alipomaliza, kitufe cha kujifungia kilikuwa kinang'aa kwenye korido.

Mkewe akaja kuangalia. Akakitazama kitufe, akamtazama mume.

"Mbona kitufe kiko nje?"

Mzee Nipishe naye ndiyo kwanza analiona. Lakini huyu si mtu wa kushindwa kwa swali moja. "Anayekusumbua chooni anatokea wapi? Nje. Basi kizuizi kinakaa upande wa msumbufu."

"Sasa mtu akibonyeza huku nje, amemfungia nani?"

"Amefunga mlango."

"Haya," alisema mkewe, na wanaoujua unyumba wanajua hiyo "haya" ina uzito gani. "Na hiyo skrubu mkononi?"

"Hii imebaki. Ya akiba. Siku hizi wanaweka ya ziada." Akaitia kwenye mfuko wa shati.

Usiku ule binti alikifungua na kukifunga kitasa cha chumba chake mara kadhaa, akamwambia baba yake asante. Kisha akaweka sharti moja, na wote wakala yamini: kesho hakuna kuimba.

Wageni walifika adhuhuri. Mama wa kijana alikuwa mrefu, amenyooka, nguo zake zina mikunjo ya pasi ambayo Mzee Nipishe aliithamini kwa jicho moja na kuogopa kwa jicho la pili. Hakuwa msemaji. Ukimuuliza habari za safari, anasema nzuri, basi. Mjomba yeye alikuwa mcheshi, anasifia kila kitu mpaka kizingiti. Kijana mwenyewe alikaa pembeni kama aliyekuja kusikiliza hukumu. Binti aliandaa meza, na kila mama mkwe alipogeuza shingo, yeye aligeuza yake kufuata ameangalia nini.

Baada ya kula, wanaume walitoka barazani kupunga upepo. Huku ndani, mama wa kijana alimuuliza binti kwa sauti ya chini maliwato ni wapi. Binti akampeleka, akamwonyesha, akamrudishia mlango, akaenda zake jikoni kwa mama yake. Alikuwa amejawa na raha. Kwa mara ya kwanza mgeni ameingia mle na hakuna maelezo yoyote yaliyohitajika.

Barazani mjomba alishafika kwenye kusifia vitasa. "Hivi vya dhahabu umevipata wapi?"

Ukimwambia hivyo Mzee Nipishe, umemmaliza. "Hujaona bado. Twende nikuonyeshe cha choo." Kijana akafuata nyuma.

Walipofika mlangoni, mzee alitega sikio, mazoea ya miaka. Kimya. Kwake yeye kimya kilikuwa na maana moja tu.

"Hakuna mtu," alisema. "Tazama, kuna kitufe. Ukibonyeza, mambo yameisha, hafungui mtu. Bonyeza mwenyewe, mkwe."

Mjomba akabonyeza. Kikalia ta. Akafurahi kweli. "Na kufungua?"

"Unazungusha tu." Mzee Nipishe akazungusha, na kishikio cha duara, kilichokuwa kinasubiri skrubu ya pili, kikatoka chote mkononi mwake. Akabaki amekishika, anauona uso wake mnene ukimtazama.

Ndani, mtu akakohoa. Kikohozi kimoja, cha heshima.

Mjomba akaikumbuka sebule aliyoipita ikiwa tupu. "Huyo ni dada," alisema polepole.

Binti alitokea jikoni, akaona kishikio, akaona nyuso za watu watatu, akaelewa yote. Hakupiga kelele. Aliegemea ukuta, akajifunika uso kwa mikono miwili, na hilo lilimchoma baba yake kuliko kama angemtukana.

"Mkwe," Mzee Nipishe aliuambia mlango, "samahani sana. Tulijua hakuna mtu."

"Mlijuaje?" iliuliza sauti ya ndani, haina haraka.

Hapo angeweza kudanganya. Alimwangalia binti yake, na binti, bila kufunua uso, alitikisa kichwa: usiseme. Lakini mtu amefungiwa chooni, na anastahili kuambiwa ukweli.

"Kwetu mlango huu haukuwa na kitasa," alisema. "Anayeingia anaimba. Wewe hukuimba. Kosa ni langu, si la mtoto. Mtoto ndiye aliyetaka vitasa, ili usituone tulivyo. Mimi ndiye nimevifunga hovyo."

Mkewe alikuwa amesimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Kisha kule ndani ikasikika pumzi ikishushwa, ndefu.

"Mngeniambia mapema ningeimba," alisema mama. "Sisi kwetu ni ndoo."

Hakuna aliyemwelewa.

"Mlango wa choo. Kitasa kilikufa alipokufa marehemu mume wangu. Tunaweka ndoo ya maji kwa nyuma. Ukisukuma ukasikia nzito, kuna mtu. Huyu mwanangu ananiambia, mama, simleti mchumba mpaka niondoe ndoo, yule ni mtu wa duka la dawa. Nikamwambia basi mimi nitatangulia kwao nikaone hao watu wakubwa wanavyoishi. Ndiyo nimeona. Kijana yuko hapo?"

"Nipo, mama," alisema kijana, akijikuna kisogo.

Binti akafunua uso. Alimwangalia mchumba wake muda mrefu. "Rangi," alisema. "Wageni. Mvua."

"Ni ndoo tu," alisema kijana.

Mzee Nipishe alipata nguvu. Alichukua bisibisi, akafungua ile skrubu moja ya pekee, na nusu ya pili ya kitasa ikaangukia ndani kwa kishindo. Likabaki tundu, na kwenye tundu lile, kubwa la kisahani, kukawa na jicho la mkwe wake. Wakatazamana. Mzee ndiye aliyeinamisha lake kwanza. Bado ulimi wa kitasa ulikuwa umeng'ang'ania fremu, akaingiza bisibisi auvute, ikamponyoka, nayo ikaangukia kulekule.

Wakasikia mtu anainama, anaokota.

"Sogea," alisema mama. "Nipishe."

Mke wa mzee alirudi jikoni haraka, anajizuia kucheka, na mwiko wake ukasikika ukigonga sakafu.

Kule ndani kazi ilianza, kwa utulivu, chuma kwa chuma. "Na wewe huimba wimbo gani?" aliuliza mama akiendelea kuchokoa.

"Hauna maana, mkwe."

"Nimefungiwa chooni. Nichangamshe."

Basi mzee wa watu, mbele ya mjomba, mbele ya kijana, mbele ya binti yake, akakohoa na kuimba: shati, suruali, koti la mikono mirefu, shuka la watu wawili, foronya. Aliimba vibaya kama siku zote. Alipofika kwenye soksi, mlango ukafunguka, na mama akatoka amenyooka vile vile, mikunjo ya pasi haijaharibika, akamkabidhi bisibisi yake.

Mazungumzo ya jioni ile yalikwenda yenyewe. Mama alisema maneno mengi kuliko aliyosema tangu afike, na mipango mingi ilipangwa. Mzee Nipishe alitoa skrubu yake ya akiba mfukoni na kuiweka mezani mbele ya mkewe. Kwenye tundu la mlango walishaweka kitambaa kilichokunjwa.

Kabla ya kuondoka, safari ni ndefu, mama aliinuka tena akaelekea koridoni. Mlango ukarudishwa. Sebuleni kila mtu akajifanya anatazama chai yake. Kisha ikasikika sauti nzito, isiyojua kuimba hata kidogo, ikianza bila haya.

"Shati... suruali... koti la mikono mirefu... foronya..."

Binti aliweka kikombe chini. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na alikuwa anacheka.

"Mama," aliita kuelekea koridoni, "umeruka shuka la watu wawili."