Nyumba Iliyokuwa Ndani ya Nyumba Yangu

Mimi ni fundi cherehani, na riziki yangu yote imetoka katika kupima. Mtu akisimama mbele yangu, kabla hatujamaliza kusalimiana nimekwisha jua upana wa mabega yake. Basi nikisimulia kwamba nyumba ya kwanza niliyoinunua maishani niliinunua bila kuingia chumba chake cha ndani, watu hudhani natia chumvi. Sitii. Jambo hilo nililifanya Garissa, miaka michache baada ya vita vya Mtaliano, na nililifanya kwa sababu ya adabu.

Mimi na mke wangu tulitoka pwani tukapanga chumba nyuma ya duka moja, karibu na banda la ngozi. Paa lilikuwa la bati tupu, dari hakuna, na mchana chumba kilichemka. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa katika chumba kile, na katika chumba kile alifariki, hata arobaini hajatimiza. Mke wangu hakunilaumu kwa neno lolote. Lakini alipopata mimba ya pili, siku moja akikunja nguo, bila kuniangalia, alisema, "Huyu sitamzalia humu." Nikamwahidi nyumba. Nilikuwa mwepesi wa kuahidi, na mwepesi zaidi wa kukasirika ahadi zikikwama, na mwaka ule alinijua vizuri kwa yote mawili.

Nyumba niliipata kwa mzee mmoja wa Kisomali, mfanyabiashara wa mifugo, aliyekuwa akihamia Wajir waliko wanawe. Ilikuwa ya udongo, imeezekwa majani ya mkoma, ina baraza upande wa kivuli na ua wa miiba uliofungwa vizuri. Nilitoa futi yangu ya kushonea nikapima baraza, nikapima ua, nikapima chumba cha nje. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia alikuwamo mke wa mzee pamoja na harufu ya vibuyu vya maziwa vilivyofukizwa moshi.

"Ingia tu, fundi," mzee aliniambia. "Mama natoka kidogo."

Akarudia mara ya pili, nami nikakataa katakata. Niingie chumba cha mke wa mtu kupima kuta zake? Sikulelewa hivyo. Nilipima chumba cha nje mara ya pili nikajiambia kwamba cha ndani hakiwezi kuwa tofauti sana. Mzee alipendezwa na heshima yangu, mashahidi wakapendezwa, tukasoma Fatiha, nikalipa, tukanywa chai. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa.

Kilichofuata ni kusubiri. Viwanja vyote vya mji vilikuwa vya serikali, na nyumba haikuhama mkononi mwa mtu mpaka bwana disii, mkuu wa wilaya, atie sahihi, na bwana disii alikuwa safarini na ngamia wake huko mipakani. Karani wake aliniambia, "Kesho." Kesho yake akaniambia kesho. Nilimzoea karani yule hata nikajua anapaka mafuta gani kichwani. Siku moja nilimwambia neno ambalo sitaliandika hapa, naye akaichukua karatasi yangu polepole, mbele ya macho yangu, akaiweka chini kabisa ya zile nyingine.

Sikuhitaji kalenda kuzijua siku zilivyokwenda. Kila baada ya wiki chache mke wangu aliniletea gauni lake, nami nikafungua mishono ya ubavuni nikaongeza kitambaa. Mara ya tatu kitambaa cha rangi ile kilikuwa kimekwisha, nikatia cha rangi nyingine. Alilivaa hivyohivyo, na hilo liliniuma kuliko matusi. Wakati huohuo mwenye duka alianza kuleta magunia ya sukari akiyapanga mlangoni petu, akituambia kwamba chumba anakitaka.

Hatimaye bwana disii akarudi, sahihi ikapatikana. Asubuhi ileile nilijitwika godoro, mke wangu akachukua sufuria na taa, tukaenda. Mzee tulimkuta barazani. Alisimama, akanipa mkono, akatusalimu vizuri sana.

"Nyumba yako, fundi. Karibu," alisema. "Lakini bole bole kidogo. Mama bado iko ndani."

Nikauliza kwa nini bado yumo. Akanieleza kwamba ngamia wao wa mizigo wako nje ya mji, wamezuiwa. Ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye mifugo, serikali ikaweka karantini, na hakuna mnyama aliyeruhusiwa kusogea mpaka iondolewe.

"Si mpande lori?" nikamwuliza.

"Lori nabeba mtu," akajibu. "Nyumba habebi."

Nilidhani ananitania. Mke wangu alikwisha vua viatu akapita pazia kumwamkia mama mwenye nyumba. Akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga, nami sikuweza kujua kama anacheka au analia.

"Mume wangu," alisema, "ndani ya nyumba yako mna nyumba ya mtu."

Ndipo mama mwenyewe alipofungua pazia akaniamuru niingie. Alikuwa mrefu, mkavu, na Kiswahili chake alikipata sokoni kwa kuuza maziwa. Nikaingia, nikainua macho. Chumba kizima kilijazwa na nyumba nyingine, ile ya kuhamahama wanayoiita aqal: miti mirefu iliyopindwa ikakutana juu, imefungwa kwa kamba alizosokota mwenyewe, imevikwa mikeka minene, myeusi kwa moshi wa miaka mingi. Alikuja nayo mjini juu ya ngamia akaisimamisha hapo. Mumewe alipopata kiwanja akajenga kuta kuizunguka na kuweka paa juu yake, na mama akaendelea kuishi ndani ya nyumba yake bila kuhama hata hatua moja.

Hilo lingekuwa kichekesho tu, kama nisingeangalia nguzo ya katikati ya paa langu. Mchwa walikuwa wameila mpaka kiunoni. Sehemu ya juu ilining'inia tu, haikugusa chini. Mwamba wote wa paa ulikuwa umejiegemeza juu ya miti ya yule mama, ile miti migumu ambayo mchwa waliionja wakaiacha.

"Hii mama yangu nanipa siku ya harusi," mama alisema, akiweka kiganja juu ya mti mmoja. "Mzee nauza ukuta. Nauza mlango. Hii hawezi uza."

Nikamgeukia mzee, damu imenipanda. "Ulijua?"

"Mimi najua nyumba ya mama," alisema. "Kila mtu najua."

Alinishangaa kwa dhati, na leo simlaumu. Kwao mwanamume ana ngamia wake, na nyumba ni ya mwanamke, kaipata kwa mama yake na shangazi zake waliomsukia mikeka. Hakuna anayehitaji kuambiwa. Yeye aliniuzia alichokuwa nacho, na zaidi ya hayo aliniambia niingie nikaangalie, mara mbili. Mimi ndiye niliyekataa, na futi yangu shingoni.

Lakini siku ile sikuwa na busara hiyo. Nilisema nitakwenda kwa kadhi, nitakwenda kwa disii, nitamrudia hata yule karani. Mke wangu aliniacha nimalize. Kisha akanivuta hadi chumba cha nje.

"Ukimshinda," alisema, "atang'oa kilicho chake leo hii, nasi paa litatuangukia. Mimi nimebakiwa na mwezi mmoja. Nyamaza kidogo."

Nikanyamaza. Mama alikuwa akitutazama muda wote kutoka penye pazia, na zaidi alilitazama lile gauni lenye rangi mbili. Alimwambia mumewe jambo kwa Kisomali.

"Nasema lete godoro," mzee akafasiri.

Hivyo ndivyo tulivyohamia. Wanawake wawili walikaa ndani, mimi na mzee tukalala barazani. Mji ulikuwa mdogo, na habari kwamba fundi amenunua nyumba na analala nje ilinitangulia kila nilikokwenda. Wateja waliniuliza kama baraza nalo nimelipima vizuri. Nilicheka nao, ingawa wiki ya kwanza kicheko kilitoka kwa shida.

Mama ndiye aliyetoa mpango. Karantini itachukua wiki kadhaa, alisema, na katika wiki hizo nyumba yake itatoka mti mmoja mmoja, kila mti ukitoka baada ya nguzo mpya kusimama. Basi kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, mimi na mzee tulikwenda kando ya mto kutafuta mikoma iliyonyooka, tukarudi tumeibeba mabegani. Sikuwahi kufanya kazi kama ile. Mikono ya kushika sindano ilipasuka malengelenge, na mzee, aliyenizidi kwa miaka thelathini, alinisubiri njiani akiimba.

Nguzo ya kwanza niliipima kwa futi yangu, nikaikata, tukaiingiza shimoni. Haikufika. Ilipungua kiasi cha shubiri, na mwamba ukabaki hewani. Mama alisimama akaitazama nguzo, akanitazama mimi.

"Fundi," alisema, "hii shati fubi."

Mke wangu alicheka hata akakaa chini, akishika tumbo. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu tulipomzika mtoto wetu. Nilikuwa tayari kukata nguzo fupi mchana kutwa.

Baada ya hapo tulimwachia mama kupima. Alitumia kamba yenye mafundo, na hakukosea. Nguzo ikisimama aliitikisa kwa bega lake, akiridhika anafungua mti wake, anaukunjia kamba zake na kuulaza ukutani. Mke wangu alijifunza kusokota kamba zile, akaanza kumwita hooyo, yaani mama. Mimi nilimshonea mzee kanzu ya kusafiria, yenye mfuko wa ndani, na kwa mara ya kwanza mwaka ule sikuuliza mtu yeyote kesho ni lini.

Nguzo tatu mpya zilikuwa zimesimama, na miti yake miwili bado imebaki, siku uchungu ulipomshika mke wangu. Ilikuwa baada ya adhuhuri. Mama alishusha pazia akatufukuza. Nilikaa barazani kwenye cherehani kwa sababu sikujua mahali pengine pa kukaa, nikashona mkono wa shati mahali pa kola. Mzee alivuta tasbihi. Niliogopa, naandika hivyo bila haya. Niliogopa kila kimya kilichotoka nyuma ya pazia, na nilikuwa nimekwisha jiandaa kulibeba tena lile ambalo tulilibeba mara moja.

Kisha mtoto akalia. Alilia kwa hasira, sauti imejaa, na mzee akasema, "Huyo nafanana na baba yake."

Alikuwa msichana. Walinikabidhi amefungwa katika kipande cha kitambaa cha rangi ya pili ya lile gauni. Nilimwadhinia sikioni, na sauti yangu ilinikatika njiani, nikaanza upya.

Siku zake arobaini zilitimia yumo humo ndani, mzima, ananyonya. Siku chache baadaye karantini ikaondolewa, na ngamia wanne wakaja wakapiga magoti mbele ya mlango. Nyumba ya mama ilitoka ndani ya nyumba yangu kwa asubuhi moja: mikeka, kamba, vibuyu, miti iliyopindwa ikifungwa mbavuni mwa ngamia. Nilisimama katikati ya chumba nikiangalia juu. Vumbi kidogo likaniangukia usoni, basi. Paa lilikaa.

Tuliagana kwa dua. Mke wangu alilia bila kujificha. Msafara ulipokwisha ondoka nilirudi chumbani nikaona, pembeni gizani, juu ya kitanda ambapo mtoto amelala, mti mmoja uliopindwa bado umefungwa pale pale kwa kamba mbili. Nikajua mama amesahau. Safari ya Wajir, na nyumba imepungukiwa. Nilipanda juu ya sanduku nikaufungua, nikakunja kanzu, nikakimbia na mti begani mjini kote mpaka nilipowapata, mbele kidogo ya ua wa mwisho. Mama alikuwa anatembea, kamba ya ngamia wa kwanza mkononi.

"Mama, umesahau mti wako," nikasema, pumzi zimeniishia.

Alinitazama kama siku ile ya nguzo fupi.

"Mimi sisahau," alisema. "Hii ya msichana. Nyumba naanza na mti moja. Mama yake natafuta ingine."

Akavuta kamba, ngamia wakaendelea. Mzee aligeuka akaninyooshea mkono, akicheka peke yake. Mimi nikasimama pale mpaka walipoingia vichakani, kisha nikauinua mti begani nikarudi nao, taratibu safari hii. Mjini kila mtu aliyeniona aliniuliza kama nahama tena. Nikawaambia hapana, nampelekea binti yangu nyumba yake.