Njia ya Sokoni Siku ya Sindano

Jumatano, saa kumi na moja na dakika kumi jioni, nilikuwa nachambua maharage jikoni kengele ya kanisa ilipoanza kulia polepole, ile ya msiba. Mwenyekiti wa jumuiya yetu alisimama nje ya uzio, hakuingia. "Binti, mwambie baba, mama wa wagonjwa ametutoka. Presha." Ninyi mnaosoma safu hii kwenye gazeti la ukutani hapa nyuma ya kanisa mnamjua hata nisipomtaja: yule mchuma chai aliyekuja Mponde kutoka Iringa, Kishambaa chake kikituchekesha, na ambaye kwa miaka mitatu aliwasindikiza kliniki watu ambao sisi wengine tunawaita vichaa. Mmoja wao ni mama yangu. Sijawahi kuliandika hilo. Nimeandika hapa kuhusu kwaya, kuhusu matope ya masika, hata kuhusu mbuzi wa padri, ila mama yangu nikamruka.

Nilirudi kwenye maharage, nikayaacha. Nikafagia ua ambao nilikuwa nimeshaufagia. Mama alikuwa kasimama mlangoni, amesikia kila neno. Hakulia. Aliuliza tu, "Kesho ni siku ya sindano. Nakwenda na nani?" Baba alikuwa na zamu ya asubuhi kiwandani. Nilichukua ndoo nikaenda kuchota maji, na maji nyumbani yalikuwa tele.

Huko njiani nilimkumbuka marehemu alivyotuingiza tena kwenye ramani. Jumuiya yetu husali kila wiki nyumba moja, kwa zamu, na zamu ikifika kwetu ilikuwa inaruka kama mtu anayeruka dimbwi. Siku moja, sala ilipokwisha, yeye akauliza, "Wiki ijayo ni kwa nani?" Akatajiwa. "Mbona hapo katikati kuna nyumba?" Mwenyekiti akakohoa. "Pale, dada, tunapaombea kwa mbali." Akasema, "Kwa mbali tunamwombea Baba Mtakatifu. Huyu tunachota naye maji." Watu wakaangua kicheko, yeye hakucheka. Wiki iliyofuata viatu vilijaa mlangoni kwetu. Katikati ya rozari mama akainuka, akaanza kuongea na ukuta. Mimi nikatamani sakafu inimeze. Yule mchuma chai akasogea kidogo kwenye benchi, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi, akaendelea na Salamu Maria kwa sauti ileile. Kufikia fumbo la tano mama alikuwa ameketi kwenye nafasi hiyo.

Nilimwuliza mchuma chai huyo siku moja, tukiwa kwenye majani ya chai, kwa nini anajisumbua. Hakuacha kuchuma. Alisema mdogo wake aliugua hivyohivyo, naye akaanza novena, sala ya siku tisa, ya kumwombea. Ili imani ionekane kamili, alimfichia dawa zake siku zote tisa. Siku ya sita mdogo wake alitokomea msituni. Walimpata mzima, lakini tangu hapo hakupokea tena hata kikombe cha uji kutoka mkononi mwa dada yake. "Novena haikuwa na kosa," aliniambia. "Mimi nilimpa Mungu kazi, halafu nikamnyang'anya vifaa." Ndiyo maana kwa wagonjwa wake alikuwa na amri moja: sali, kisha meza dawa. Nawajua watu wa parokia hii, na mimi nimo, ambao bado tunadhani kumeza ni kumkosea Mungu adabu. Jumapili tunawataja wagonjwa kwa majina, wa miguu, wa presha, wa operesheni. Wa kichwa tunawaita "nia maalumu". Yeye alimwomba padri awataje kama wengine. Sijui kama atatokea wa kuomba tena.

Sasa niseme lililonifanya nishindwe kukaa. Kwenda hospitali kuna njia mbili: ya chini, kupitia chai, ambako hakuna anayekuona, na ya juu, mbele ya soko. Yeye alimpitisha mama sokoni kila mwezi, wakisalimia kila kibanda. Shule ikifungwa nilikwenda nao, lakini hatua ishirini nyuma, nimebeba daftari kama mpita njia. Alijua. Hakuwahi kunigeukia. Mara moja tu alisema, "Mwanangu, huko nyuma vumbi jingi." Nilijifanya sijaelewa, na sikumwomba msamaha, na sasa nafasi hiyo haipo. Nilichojifunza kwake si kikubwa: mgonjwa wa aina hii haponywi na watu wanaomwonea huruma kwa mbali, hata wakiwa watoto wake.

Alhamisi asubuhi nilimwomba mwalimu ruhusa, nikachukua kadi ya kliniki, nikamfunga mama kitenge chake cha Jumapili. Penye njia panda aligeukia chini, kwenye chai, akidhani ndivyo ninavyotaka. Nikamshika mkono tukapanda. Muuza nyanya wa kwanza alinitazama, akamtazama mama. "Shikamoo," nilisema. "Marahaba. Na huyu ni nani wako?" Sauti yangu huwa ndogo, mnajua. "Mama yangu," nikasema, na kwa kuwa hakusikia, nikarudia kwa nguvu.